Kampuni zikibisha hodi: mwongozo wa kuongoza kikundi cha ramani huria Uganda

Kampuni ikija kwenye kikundi cha wachora ramani haiji na rungu. Inakuja na kompyuta mpakato, bando za mwezi mzima, fulana na barua pepe yenye heshima. Kwetu Arua ilikuja hivyo hivyo. Walitaka barabara za West Nile zichorwe na kukaguliwa ndani ya wiki sita, wakauliza: kiongozi wenu ni nani tuzungumze naye? Swali hilo lilituumbua. Kulikuwa na mwanzilishi wa kundi la WhatsApp, kulikuwa na kijana mwenye nywila za kurasa zetu za mitandao, kulikuwa na dada aliyetunza pesa za chai kwenye simu yake. Kiongozi hakuwepo. Wiki mbili baadaye alipatikana: ni yule aliyewahi kujibu barua pepe.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya namna hiyo, vya watu kumi hadi mia, wanaochora kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na wajitolea, wakiwa Arua, Gulu, Mbarara, Nakivale au kwenye chumba cha kompyuta pale Makerere, wasio na ofisi, na ambao siku moja watapata mgeni mwenye fedha. Sikufundishi kumfukuza mgeni. Zipo barabara za changarawe huku kwetu ambazo zisingekuwa kwenye ramani hadi leo kama wachoraji wa kulipwa wasingezigusa.

Nimegundua kwamba vikao vingi hubishania pesa, kwa kuwa pesa inaonekana na inahesabika. Lakini kikundi hakinyakuliwi kwa pesa. Kinanyakuliwa kupitia vitu vitatu visivyo na kelele: daftari la wanachama, funguo na kalenda. Mkivishika hivyo, mfadhili anaweza kuleta fedha za gunia zima na kikundi kikabaki chenu. Mkiviachia, hata mfadhili wa vocha za simu atawaendesha.

Kabla ya hatua ya kwanza: ifahamu nyumba kubwa

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Mwaka 2006 ikaundwa OpenStreetMap Foundation, iliyosajiliwa huko huko, kutunza seva, nembo na leseni. Haiwaambii watu wachore nini. Ina bodi ya watu 7 wasiolipwa, wanaochaguliwa na wanachama kwa kura ya kupanga wagombea kwa mfuatano. Kampuni zinazochangia fedha hupata nafasi kwenye baraza la ushauri. Hapo zinashauri, basi. Kura ni ya mwanachama mmoja mmoja, awe dereva wa lori au mkurugenzi.

Sasa tazama upande wa pili. Desemba 2022, Amazon, Meta, Microsoft na TomTom zilianzisha Overture Maps Foundation, chini ya Linux Foundation. Huko kampuni wanachama hulipa ada na ndizo zinazokaa mezani kuamua. Data yao huchanganya vyanzo vingi, na OpenStreetMap ni kimojawapo. Hakuna ubaya wa siri hapo, ni aina nyingine ya nyumba. Nakutajia ili ujue mambo mawili unapokaa na mgeni wako. Kwanza, kampuni inao mlango mwingine wa kupitia, kwa hiyo kiburi cha wajitolea hakitaizuia kupata ramani. Pili, ikikuta kikundi chenu kimelala, itakigeuza kifanane na nyumba ile ya pili bila mtu yeyote kupiga kura.

Baganda wana desturi ya bulungi bwansi: kijiji kinatoka kufyeka njia au kusafisha kisima, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Tajiri akileta lori la changarawe hushukuriwa sana. Njia itapita wapi, hilo linaamuliwa na waliotoka na majembe. Ukikwama popote katika hatua zinazofuata, rudi kwenye lori hilo.

Hatua ya 1: Andikeni nani anataka nini

Chukueni karatasi kubwa, kikao kimoja, saa mbili. Andikeni kila anayegusa ramani ya eneo lenu na anachokitafuta. Kampuni za usafirishaji na za bidhaa hutafuta barabara, majina yake, mahali pa kugeukia, anwani. Mashirika ya misaada hutafuta nyumba, visima na njia za ndani ya makazi ya wakimbizi kama Bidi Bidi, Rhino Camp au Kyangwali. Idara ya wilaya inatafuta mipaka. Wajitolea wanataka kijiji chao kionekane, na mara nyingi wanataka vitu ambavyo hakuna atakayevilipia: mwembe unaofanyiwa vikao, kisima kilichokauka, njia ya mkato inayojaa maji Agosti.

Halafu andikeni kila mwanachama anavaa kofia ngapi. Hapa ndipo maandishi ya Ulaya yanapotupoteza, kwa sababu huko mjitolea huchorwa kama mtu mwenye mshahara wake anayechora ramani jioni kwa starehe. Kwetu mjitolea ni mwanafunzi anayekopa bando. Jumatatu anajitolea, Jumatano amepata kibarua cha miezi mitatu kwenye kampuni ile ile mnayoijadili, Krismasi kibarua kimekwisha na amerudi kwenye kundi. Kumwita msaliti ni upumbavu, na kujifanya kofia haijabadilika ni upumbavu pia. Iandikwe tu.

Mna haja ya daftari la maslahi, kurasa mbili zinatosha: jina, anayekulipa, kazi gani, kuanzia lini hadi lini. Kifungu cha kuweka kwenye katiba yenu kinaweza kusomeka hivi: "Mwanachama yeyote anayelipwa na kampuni, shirika au idara ili kuchora, kukagua au kuuza data ya ramani ataandika jina la mwajiri huyo kwenye daftari la maslahi ndani ya siku 14. Daftari litasomwa mwanzoni mwa kila mkutano mkuu." Kusomwa kwa sauti ndiko kunakofanya kazi. Daftari lililofungiwa kabatini ni mapambo.

Hatua ya 2: Lindeni daftari la wanachama

Katikati ya Novemba 2018, siku za mwisho za kujiandikisha ili mtu aweze kupiga kura ya bodi ya Desemba, wafanyakazi wapatao 100 wa kampuni moja, walioko India, walijiunga na OpenStreetMap Foundation kwa mkupuo. Uchunguzi ulifanyika na wanachama wakabishana kwa miezi. Fikiria ni kitu kidogo kiasi gani: hakuna seva iliyodukuliwa, hakuna aliyehongwa hadharani. Ni fomu za uanachama tu, na ada ya pauni 15 kwa kila mmoja. Kama kikundi chenu kina watu 30, hamhitaji watu 100 kupinduliwa. Thelathini na mmoja wanatosha, na kompyuta za kampuni zinaweza kuwaleta kwa mchana mmoja.

Baadaye taasisi ile ilifungua njia ya uanachama kwa mtu aliyechora angalau siku 42 katika mwaka, bila kulipa ada. Naipenda njia hii kuliko zote kwa sababu inapima jembe, haipimi mfuko. Msiinakili nambari yenyewe kijinga, lakini wazo lichukueni. Kwetu tuliandika hivi: mwanachama mwenye kura ni aliyechora au kukagua uwanjani siku zisizopungua 20 katika miezi 12, siku za kazi ya kulipwa zisihesabiwe, na awe amejiunga siku 90 kabla ya mkutano. Anayelipwa hakuzuiwa: akichora Jumamosi kwa hiari yake, Jumamosi zake zinahesabiwa.

Ada ikiwepo, kila mtu ailipe mwenyewe kwa simu yake. Malipo ya watu 12 yakitoka namba moja, mweka hazina ayarudishe siku hiyo hiyo na kueleza kwa nini. Msione haya. Na waliofanya kazi isiyoonekana kwenye kompyuta, kama wale wanaotembea na karatasi kuuliza majina ya vijiji kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nao wahesabiwe siku zao. Kikundi kinachohesabu mibofyo ya kipanya pekee kitajikuta kinaongozwa na wenye umeme.

Hatua ya 3: Viti, mihula na kura

Viti vitano vinatosha kikundi kidogo. Idadi isiyogawanyika kwa mbili, akidi ya watatu. Kisha mambo manne yaandikwe kwa maneno ya kawaida, bila sheria-sheria.

Mwajiri mmoja, kiti kimoja. Wakishakuwa wawili kutoka kampuni moja, shirika moja au hata idara moja ya chuo, wa pili anasubiri. Katikati ya muhula mtu akiajiriwa na ambako mwenzake tayari anafanya kazi, mmoja wao anaachia. Kifungu hiki kitawaudhi mashirika ya misaada kuliko kampuni, niamini. Mashirika hujiona yako upande wa wajitolea daima, hayazoei kuambiwa kwamba nayo ni waajiri.

Anayelipwa na mtu anayejadiliwa anatoka chumbani. Si kunyamaza tu, kutoka. Bodi yetu iliwahi kujadili mkataba huku kijana mmoja aliyeajiriwa na upande wa pili ameketi kimya pembeni anajaza soda. Hakusema neno, lakini hakuna aliyeuliza swali gumu. Nani angeuliza, wakati kila mmoja mle ndani alitumaini kuajiriwa mwezi unaofuata?

Hakuna kura ya kununuliwa. Mtu asilipwe, asiahidiwe kibarua wala asirudishiwe nauli na mgombea au mwajiri wake. Nauli ya kuja kwenye mkutano mkuu, kama ipo, itoke kwenye mfuko wa kikundi na iwe sawa kwa wote.

Mihula miwili, kisha pumzika. Sisi Waganda hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Marekebisho yale yale ya katiba ya 2005 yaliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ndiyo yaliyoondoa ukomo wa mihula ya rais. Nataja hili hapa kwa sababu wajitolea nao si malaika. Nimeona mwanzilishi aliyekalia kikundi miaka kenda kwa hoja kwamba kampuni zitakichukua akiondoka. Kwa hakika alikuwa amekichukua yeye. Wachora ramani wa zamani wana namna yao ya kunyakua: wanafuta kazi ya wageni bila maelezo, wanasema kwa lugha ya wataalamu tu, wanamcheka msichana aliyeweka alama isiyo sahihi mara ya kwanza. Kampuni ikiingia mahali kama hapo, vijana huipokea kama mkombozi, na wana sababu.

Na kampuni je, ikae wapi? Wapeni meza ya washauri. Kikao kimoja kila miezi mitatu, kila mchangiaji mtu mmoja, wanasema wanachokihitaji na bodi inajibu kwa maandishi. Msiwanyime nafasi ya kusema. Mtu asiye na mlango wa mbele hutafuta dirisha, na dirisha kwa kawaida ni yule mwanachama wenu mwenye madeni.

Hatua ya 4: Hesabuni funguo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo iliyotuumiza.

Mpango mmoja ulipokwisha, mfadhili, ambaye simtaji, alituaga vizuri kabisa. Kukawa na keki. Mwezi uliofuata tukataka kutangaza mafunzo, tukagundua kwamba anwani ya tovuti yetu imesajiliwa kwa jina la mfanyakazi wao aliyehama nchi, picha za droni za mtaa wa Oli ziko kwenye hifadhi yao ambayo malipo yake yamesitishwa, na fomu za kukusanya majina ya mitaa ziko kwenye akaunti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupewa nywila yake. Hakuna aliyetuibia. Walikuwa wametusaidia tu, kila kitu wakakifungua wenyewe kwa sababu kwao ilikuwa haraka zaidi. Tulipoteza miezi minne.

Fanyeni orodha leo. Anwani ya tovuti na tarehe ya kulipia upya. Barua pepe ya kikundi. Kundi la WhatsApp na wasimamizi wake. Kurasa za mitandao. Hifadhi ya picha za angani na fomu za uwanjani. Laini ya simu iliyosajiliwa kupokea pesa. Kompyuta na vifaa vya GPS, kimoja kimoja na namba zake. Mhuri. Mbele ya kila kimoja andikeni majina mawili ya wenye ufunguo, wote wanachama, na mmoja wao asiwe analipwa na mfadhili yeyote. Mwajiriwa wa kampuni anaweza kuwa ufunguo wa tatu akihitajika kwa kazi, kamwe asiwe wa kwanza.

Akaunti za kuchora hazishirikiwi. Kila mtu achore kwa jina lake, ili kazi ya kila mmoja ionekane na aulizwe mwenyewe. Anayechora kwa mshahara na kwa hiari ni vyema awe na akaunti mbili, na ya kazi itaje mwajiri kwenye ukurasa wake.

Usajili nao ni ufunguo. Kikundi kisichosajiliwa hupitishia fedha kwenye akaunti ya mtu mwingine, na mwenye akaunti ndiye mwenye kikundi hata kama hapendi. Kwa vikundi vidogo anzeni na usajili wa kikundi cha jamii kupitia ofisi za wilaya. Mkikua, kuna kampuni isiyo na hisa yenye ukomo wa dhamana, inayosajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni, chini ya Sheria ya Kampuni ya 2012. Mpaka hapo, mnayempitishia fedha muandikiane naye: makato ni kiasi gani, taarifa ya salio inakuja lini, na fedha zinahamishwa ndani ya siku ngapi mkiamua kuondoka.

Hatua ya 5: Shikeni kalenda

Mwenye kupanga siku ya kikao amekwisha kupanga matokeo. Ukiita kikao Jumanne saa nne asubuhi, watakuja wanaolipwa kuwepo. Mwalimu yuko darasani, mwenye boda yuko barabarani, mama muuza samaki yuko sokoni. Kikao kitafika akidi, kila kitu kitaonekana halali, na uamuzi utakuwa wa upande mmoja.

Vikao vyenye kura viwe Jumamosi jioni au Jumapili mchana. Ajenda itoke siku 7 kabla, ikiwa na maandishi kamili ya kila kinachoombwa kuamuliwa. Kinachozuka siku hiyo kinajadiliwa, hakipigiwi kura. Hakuna uamuzi kwenye warsha ya hotelini iliyolipiwa na anayehusika. Mtu aliyekwisha kula nyama ya mwenyeji hapingi. Na hakuna uamuzi wa WhatsApp wa saa tano usiku, ambapo waliobaki na bando ndio "wote tumekubaliana".

Lugha ni sehemu ya kalenda, ingawa haionekani hivyo. Kikao chetu kikienda kwa Kiingereza, wanazungumza watatu. Kikienda kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kilugbara, wanazungumza kumi na wawili, na mmoja wao ndiye anayejua kwamba daraja la huko chini limeanguka.

Muda wa mradi nao. Kampuni huhesabu kwa robo mwaka, kijiji huhesabu kwa mvua na mitihani. Mkikubali wiki sita bila kuuliza wiki zipi, mtajikuta uwanjani msimu wa kupanda, na wajitolea wote wakiwa shambani kampuni italeta watu wake. Hapo ndipo wajitolea wanapoondolewa bila mtu kuwaondoa.

Hatua ya 6: Makubaliano kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa

Novemba 2018 OpenStreetMap Foundation ilipitisha miongozo ya uchoraji wa pamoja unaoratibiwa, inayowahusu wanaolipwa na pia kampeni za kujitolea. Msingi wake ni uwazi: wanaochora waseme ni nani, wanafuata lengo gani, kwa vyanzo gani, akaunti zipi zinahusika, alama gani ya reli (hashtag) inaambatana na kazi yao, na watafutwe wapi wakikosea. Mwambieni mgeni aandae ukurasa huo na kuuleta kwenu siku 14 kabla ya kuanza. Kampuni zilizozoea kazi hii hazitashangaa. Itakayoshangaa imewapa taarifa muhimu.

Ongezeni ya kwenu. Sisi tuna manne.

Majina ya mahali hayabadilishwi kutoka ofisini. Jina lililokwishaandikwa na mtu wa eneo hilo haliguswi bila kuuliza, na kijiji chenye majina mawili hubaki na yote mawili.

Vituo vya afya vichorwe kwa daraja lake. Mchoraji wa mbali huandika kliniki kila mahali. Kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa saa nane za usiku, tofauti ya kituo cha daraja la II na cha daraja la IV ni kubwa kuliko barabara yoyote tutakayochora: cha IV ndicho kilichokusudiwa kuwa na chumba cha upasuaji.

Kilichochorwa na mashine kikaguliwe na mtu. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa bure michoro ya majengo takriban milioni 18 ya Uganda na Tanzania, iliyopatikana kwa kompyuta kusoma picha za setilaiti. Mwaka 2021 Google nayo ikatoa data ya majengo ya Afrika. Ni hazina, hakika. Lakini mashine inaona paa, haijui kama ni la shule au la ghala la tumbaku, na paa la nyasi lililochakaa likitazamwa kutoka angani hufanana na kichuguu. Kumwaga data ya namna hiyo kwa wingi kwenye OpenStreetMap kunahitaji kujadiliwa kwanza na wachora ramani wa mahali hapo, na hiyo ni nguvu mliyo nayo tayari bila kuiomba. Itumieni. Sharti letu ni kwamba kwa kila parokia, ile ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, sehemu ikaguliwe kwa miguu kabla ya nyingine kuingizwa.

Watu hawachorwi. Hakuna jina la mwenye nyumba, hakuna kaya ya mkimbizi inayoonyeshwa kwa jina au kabila. Tangu 2019 tuna sheria ya ulinzi wa data na faragha, na hata isingekuwepo, majirani zetu wengi walikimbia watu waliokuja na orodha.

Leseni msiifanyie mapatano. Data ya OpenStreetMap tangu 2012 iko chini ya leseni ya ODbL: anayeitumia hutaja chanzo, na akiiboresha hifadhidata yenyewe na kuitoa hadharani huitoa kwa masharti yale yale. Kampuni ikiomba wajitolea wenu wakusanye vitu uwanjani viingie kwenye ghala lake peke yake, hiyo si kazi ya kikundi. Ni ajira, na ajira ina mshahara.

Hatua ya 7: Pesa

Nimeiweka hapa kwa makusudi, maana baada ya yote yaliyotangulia imebaki kuwa hesabu tu.

Msiruhusu mchangiaji mmoja kuzidi theluthi moja ya matumizi ya mwaka. Vifaa na bando vihesabiwe kwa bei ya duka, la sivyo mtadhani mko huru huku kompyuta zote zina nembo moja. Mkishindwa kumweka ndani ya theluthi, punguzeni matumizi. YouthMappers, mtandao wa vyuo ulioanza 2015 kwa msaada wa USAID, ulileta wanafunzi wengi wa Uganda kwenye ramani. Kisha 2025 Marekani ikaifunga USAID. Kila kikundi kijiulize kingefanya nini kesho yake asubuhi. Uchoraji wa nyumbani, kompyuta ya kuazima na chai ya kuchangiana haufungwi na serikali yoyote.

Halafu kuna posho, na hapa Mtanzania anisamehe, kwetu posho ni ugali. Nasema zile za kujikimu na nauli. Kampuni hulipa zaidi ya kikundi, na mjitolea akishaonja haji tena kwenye kikao kisicho na bahasha. Kiwango kiwe kimoja kwa kila tukio linalobeba jina la kikundi, nani analipa isiwe hoja. Ziada ya mfadhili iende kwenye mfuko wa pamoja. Matumizi yabandikwe kila mwezi kwenye kundi, hadi pesa za maji.

Hatua ya 8: Mkikosana

Mtakosana. Mchoraji wa kampuni atahamisha barabara yenu mita 10, au mjitolea atafuta kazi yake ya siku tatu. Anzeni kwa maoni chini ya mabadiliko yenyewe, kwa adabu, mkieleza mliyoyaona kwa macho. Mkiwa na picha ya simu ya mahali hapo, iwekeni. Mtu aliyekuwepo mahali ana uzito kuliko mtu aliyetazama picha, na kanuni hiyo ni ya OpenStreetMap nzima. Subirini siku tatu. Asipojibu, mwandikieni mtu aliyetajwa kwenye ukurasa wa mradi. Ikishindikana kabisa, au ikiwa ni uharibifu wa makusudi, kuna Data Working Group, kundi la OpenStreetMap Foundation linaloamua migogoro ya data na linaloweza kufungia akaunti. Msikimbilie huko kwa kila kichochoro.

Makosa ya kurudia-rudia yaende kwenye meza ya washauri. Tulipoorodhesha makosa 31 ya aina moja na kuyaweka mbele ya mwakilishi wa kampuni, alishtuka. Wachoraji wao walikuwa wakifuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya miji yenye lami. Maelekezo yalibadilishwa wiki ile ile. Kelele za miezi mitano kwenye mitandao hazikufanya hivyo.

Mwezi kabla ya makubaliano yoyote kwisha, iteni kikao cha kupokea funguo. Si sherehe, keki ije baadaye. Leteni ile orodha ya hatua ya 4, kompyuta moja yenye bando, na wenye funguo wote wawili wa kila kitu. Kila mmoja aingie kwenye akaunti mbele ya wengine, abadilishe nywila, na katibu atie alama. Kwetu kilichukua saa moja na nusu, tukakuta laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mtu aliyehamia Juba.